Mnakwenda kusaidia shule ya mashambani? Shikeni jembe siku ya kwanza

MSOMAJI, iwapo unaishi Nairobi na umezoea kurauka Jumamosi, bila shaka umewaona. Ni watu wa kila rika: makarani, wauguzi, wanafunzi wa chuo kikuu, mafundi wa magari na kina mama wa biashara, wote wamevaa fulana za rangi moja na kutiririkwa na jasho katika Msitu wa Karura, kando ya Barabara ya Ngong au kwenye vijia vya Arboretum. Miaka thelathini iliyopita, mtu mzima aliyeonekana mbioni barabarani bila kufukuzwa wala kuchelewa basi alidhaniwa ana wazimu. Siku hizi asiyekimbia ndiye anayeulizwa kulikoni.

Lakini vikundi hivi havikomi kwenye mbio. Watu wakishakimbia pamoja kwa miezi kadhaa huanza kuchangiana harusi na matanga, na hatimaye mmoja wao hutoa wazo: Mbona tusiende mashambani wikendi moja tukasaidie shule? Wazo hupokewa kwa shangwe. Mweka hazina huteuliwa, michango ya M-Pesa ikaanza kuingia, basi likakodishwa, na fulana mpya zikachapishwa zikiwa na jina la safari kifuani.

Ni wazo jema, tena ni la nyumbani. Shule nyingi za nchi hii zilijengwa kwa harambee, na mwana wa kijiji aliyepata kazi mjini alitarajiwa kurudi na chochote mkononi. Hata hivyo, wikendi ya namna hii inaweza kuiachia shule faida ya miaka mingi, au ikaiachia deni la mbuzi, uwanja uliojaa chupa za plastiki, na picha zilizo kwenye simu za watu wengine. Tofauti haitokani na ukubwa wa mchango. Hutokana na lile lililofanywa kabla basi halijawashwa.

Hebu tuchukulie kwamba kikundi chako kinaelekea Ukambani. Nimechagua huko makusudi. Si mbali, na shida ya shule za huko ina sura moja ambayo mkimbiaji ataielewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote: kiu.

MTUNGI WA LITA TANO

Miezi ya kiangazi, katika shule nyingi za Makueni, Kitui na sehemu kavu za Machakos, mtoto huenda shuleni akiwa na mkoba mgongoni na mtungi wa maji mkononi. Maji hayo ni ya kupikia chakula cha mchana, ya kunawa mikono, na ya kunyunyizia sakafu ya darasa vumbi litulie.

Mtungi wa lita tano una uzito wa kilo tano. Mtoto wa miaka saba ana kilo ishirini na kidogo. Wewe uliye na kilo sabini, piga picha ukiambiwa ukimbie mazoezi yako ya asubuhi ukiwa umeshika mzigo wa kilo kumi na sita kwa mkono mmoja, na huku mkono wa pili unafukuza mbwa. Kisha ukifika, ukae chini ufanye hisabati.

La kuudhi ni kwamba mvua hunyesha. Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: ile ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo ndiyo wakulima wengi wa huko huitegemea zaidi. Mvua hiyo huangukia mapaa ya mabati ya shule, ikateremka kwa kishindo, ikachimba korongo uwanjani na kwenda zake mtoni. Wiki chache baadaye watoto wanabeba mitungi tena.

Sasa tufanye hesabu ndogo, maana hesabu hii ndiyo itakayowaokoa kupoteza pesa. Milimita moja ya mvua ikiangukia paa la mita moja mraba hutoa lita moja ya maji. Jengo la madarasa matatu lenye paa la mita 20 kwa 8 ni mita mraba 160. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua moja nzuri ya alasiri, hutoa lita 3,200. Toa sehemu moja kwa tano itakayorukia nje na kupotea, unabaki na lita 2,560. Mvua nne za namna hiyo zinajaza tangi la lita 10,000.

Je, lita 10,000 zitatosha? Tusidanganyane. Shule ya watoto 300, kila mmoja akipewa lita mbili tu kwa siku, hutumia lita 600. Tangi litakwisha baada ya siku kumi na sita za masomo, yaani wiki tatu na ushee, ikiwa mvua haikurudi. Ndiyo maana halitakiwi tangi moja linalokabidhiwa kwa hotuba na utepe. Yanatakiwa mapaa yote yatiwe mifereji, ile ambayo mafundi huita gata, na matangi yaongezwe kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Mifereji ni kazi ambayo watu ishirini wenye nguvu wanaweza kuimaliza kwa siku moja na nusu, wakiongozwa na fundi anayejua kupima mteremko.

FUNDI NI WA KIJIJINI

Hapo ndipo vikundi vingi hukosea. Hufika na tangi juu ya lori Jumamosi saa nne, wakitaka lijazwe na kupigwa picha kabla ya saa kumi. Tangi la lita 10,000 likijaa hubeba tani kumi za maji. Likiwekwa juu ya udongo litalala upande, litapasuka, na Mungu asaidie lisimwangukie mtoto. Linahitaji jukwaa la mawe na saruji, na saruji haiharakishwi na hotuba ya mtu yeyote. Huhitaji kumwagiwa maji na kuachwa siku saba au zaidi ikomae.

Basi jukwaa hilo lijengwe wiki mbili au tatu kabla yenu, na lijengwe na fundi wa kijiji hicho, mlipwe naye kwa makubaliano. Msiende kumnyang'anya kazi kwa kuwa ninyi mnajitolea. Fundi huyo ndiye atakayeitwa Januari mfereji ukilegea, ilhali ninyi mtakuwa Nairobi mkijiandaa kwa mbio nyingine.

Wakamba wana desturi yao ya kufanya kazi kwa pamoja inayoitwa mwethya. Kwa mwethya watu wamechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo na kujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito inayokauka. Mkimtafuta mwalimu mkuu mapema, mkamwuliza wazazi wanaweza kufanya nini, mtashangaa. Watatoa mchanga, mawe na siku zao za kazi. Kikundi chenu kitakuwa kimejiunga na mwethya ambao ulikuwapo kabla yenu, na mradi utakuwa wao. Mradi ambao wazazi hawakuuwekea hata jiwe moja huitwa wa wale wageni, nao ukiharibika husubiriwa wageni warudi.

Pesa za vifaa zisikabidhiwe mtu mkononi, hata awe mwalimu mcha Mungu kiasi gani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 iliunda bodi ya usimamizi katika shule za umma. Ombeni akaunti ya shule, mpewe stakabadhi, na mwenyekiti wa bodi ajue kila kitu. Mwalimu mkuu mwaminifu atafurahi, kwa kuwa mnamkinga na maneno ya kijiji.

GHARAMA YA MGENI

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa sikiliza jinsi mwenyeji anavyoweza kuugua.

Shule ikisikia wageni wanatoka Nairobi, masomo ya Alhamisi na Ijumaa hugeuka kuwa mazoezi ya nyimbo na ngonjera. Watoto hufagia uwanja mara tatu. Wazazi huchangishwa mbuzi, mchele na soda. Kina mama huamka saa tisa usiku kuteka maji ya kuwapikia watu ambao wamekuja kwa sababu ya ukosefu wa maji. Wageni hula nyama, watoto wakala githeri yao ya kila siku, au muthokoi, wakichungulia dirishani.

Hilo ni jambo la kuzungumza waziwazi na mapema, kwa adabu. Mkamba hatakubali mgeni wake alale njaa, na kukataa chakula ni kumtusi. Lakini mnaweza kumwambia mwalimu mkuu: "Mwalimu, tutakula kile watoto watakacholeta kwenye sahani zao, na chakula cha siku hiyo cha shule nzima tutakinunua sisi hapo sokoni kwenu." Mahindi, maharagwe, mafuta ya kupikia na chumvi vitanunuliwa kwa wachuuzi wa hapo. Maji ya kupikia nayo mgharamie, yaletwe kwa punda au kwa pikipiki. Kulala, laleni Wote au mji mwingine wa karibu wenye vyumba vya kulipia, msimfukuze mwalimu kitandani mwake.

Kuna msemo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mna siku mbili peke yake. Liombeni mara mnaposhuka basini.

Na kabla hata ya kupanda basi hilo, mweka hazina wenu aweke hesabu mezani: kukodi basi, vyumba, fulana, chakula cha njiani. Jumla hiyo ilinganishwe na bei ya mifereji na tangi. Wapo watakaosema afadhali pesa zote zitumwe na kila mtu abaki nyumbani, na mimi siwacheki, maana wana hoja. Ikiwa fulana zenyewe zinakaribia bei ya mifereji, vaeni za mwaka jana. Lakini pesa iliyotumwa haipandi ngazi wala haiulizi maswali, na aliyefika mahali ndiye hukumbuka kurudi. Safari ina maana pale inapopeleka mikono, ujuzi na mazoea. Ikiwa inapeleka macho tu, wenye hoja wameshinda.

VITU VYA KUACHA NAIROBI

Kila nyumba ya mjini ina rundo la vitabu vya zamani, na kila safari ya namna hii huonekana kuwa nafasi nzuri ya kuliondoa. Angalieni. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Vitabu vya marudio ya mtihani huo ni mzigo tu kwa shule ambayo haina hata kabati la kutosha. Vitabu vya hadithi ni jambo tofauti. Hadithi haiozi, kitabu cha hadithi cha Kiswahili kilichosomwa na watoto wako watatu bado kitasomwa na watoto mia. Kamusi pia, hata ikiwa imechanika jalada.

Viatu navyo vina mambo yake. Mkimbiaji anayefanya mazoezi sawasawa huviacha viatu vyake baada ya kilomita 500 hadi 800, soli ikiwa imechoka lakini juu bado kuzima. Ni kitu kizuri cha kupeleka, kwani palipo na funza, mguu uliofunikwa ni mguu uliokingwa. Ila kiatu cha baba wa watu wawili hakimfai mtoto wa Gredi ya 2. Mwombeni mwalimu orodha ya vipimo. Vile vikubwa wapewe vijana wa Gredi ya 7 hadi 9, vifuliwe kwanza, vifungwe kamba viwili viwili. Nimewahi kuona gunia la viatu likimwagwa, watoto wakaparamiana, na kila mmoja akaondoka na cha kushoto.

Kuhusu taulo za wasichana, Sheria ya Elimu ya Msingi ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2017 ili serikali iwape bure wasichana wa shule za umma waliobaleghe. Mwulizeni mwalimu wa kike shule imepokea ngapi na mara ya mwisho ilikuwa lini, kisha mjaze pengo. Pelekeni na chupi, kwa sababu taulo bila chupi haina pa kushikilia. Wakabidhiwe na kina mama wa kikundi, ndani ya darasa, wavulana wakiwa uwanjani. Mpira utawashughulisha.

Peremende zikae dukani. Kuzirusha kupitia dirisha la basi ni kuwafanya watoto wa watu kuku.

Simu pia zina haki ya kupumzika. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha ya uso wake ni mojawapo. Fikiria picha ya mwanao ikiwa imezagaa, chini yake pameandikwa maskini huyu. Pigeni picha ya mifereji. Na mtu mzima asiwe peke yake na mtoto faraghani, hata kwa nia njema ya kumfundisha kusoma.

KITU AMBACHO WANACHO NI NINYI

Wako watakaouliza: Je, tuwafundishe? Somo moja la Jumamosi kutoka kwa mgeni halimwongezei mtoto mengi, na mwalimu atalazimika kulirudia Jumatatu. Lipo lakini jambo moja ambalo kikundi cha wakimbiaji kinalo na shule haina.

Tangu mwaka wa 2023 shule ya sekondari ya chini, Gredi ya 7 hadi ya 9, imewekwa ndani ya shule za msingi. Kundi la kwanza la mtaala huu lilifanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka wa 2025, likaingia Gredi ya 10 mwaka wa 2026. Mtoto hutakiwa kuchagua mkondo kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anachagua njia ya maisha yake, na huenda kazi alizoziona kwa macho ni ualimu, ukulima, duka, uchungaji na boda boda.

Basi kaeni chini ya mti, kila mmoja wenu na watoto sita au saba. Muuguzi aseme zamu ya usiku ilivyo. Fundi wa umeme aeleze alikosomea na alilipa karo vipi. Mhasibu akiri kwamba hisabati ilimtoa machozi, ikiwa ilimtoa. Msihutubu, waacheni waulize. Watauliza mshahara, na mjibu kwa ukweli kadiri mnavyoweza. Saa mbili za mazungumzo hayo ni mali ambayo hakuna lori linaloweza kuibeba.

Jioni jua likipoa, kimbieni. Hapo jiandaeni kuaibika. Watu hudhani mbio ni za Bonde la Ufa pekee, wakasahau kwamba Benson Masya wa Kitui ndiye aliyeshinda mbio za kwanza za dunia za nusu marathoni, mwaka wa 1992 kule Newcastle, Uingereza. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau, mwana wa Ukambani vilevile, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni jijini Berlin mwaka wa 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Sasa wewe na saa yako ya kuhesabu mapigo ya moyo utapitwa na msichana aliyevaa sketi ya shule, miguu mitupu, akicheka. Mwache apite. Mwalimu wa michezo atakuwa amesimama kando na daftari, na daftari hilo ndilo mlitazame: mwulizeni kama ana saa ya kupimia mbio na mipira ya kutosha.

JUMAPILI NA BAADA YAKE

Asubuhi ya Jumapili malizieni kazi mapema, kwa kuwa kijiji kitakuwa kanisani na ninyi mtatarajiwa. Mtaitwa mbele. Chagueni msemaji mmoja, asizidi dakika tatu, asiahidi chochote ambacho kikundi hakijakubaliana. Neno "tutarudi" likitamkwa kanisani huandikwa moyoni mwa watu, na watoto huhesabu miezi. Akimaliza aseme "ni muvea", asante kwa Kikamba, naye atasamehewa matamshi yake.

Kabla ya kuondoka, mzungukeni mfereji wote na fundi, mwalimu wa zamu na watoto wawili watatu wa Gredi ya 8. Mwageni ndoo ya maji juu ya paa mwone yanakoelekea. Kubalianeni ni nani anayeshika ufunguo wa bomba la tangi, maana bomba lisilo na mwenyewe hutiririka usiku kucha, na lenye ufunguo uliofichwa ofisini huwaacha watoto na kiu. Wavu wa kuzuia mbu uwe umefungwa. Waelezeni watoto kwamba mvua ya kwanza ya Oktoba huosha vumbi na mavi ya ndege juu ya bati, kwa hiyo maji yake yaelekezwe kwenye miche, na yale yanayofuata ndiyo yaingie tangini. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa hata hivyo.

Wakati mzuri wa safari yenyewe ni Septemba. Muhula wa tatu umeshaanza, mitihani ya mwisho wa mwaka haijafika, na mvua iko karibu. Hiyo ina maana kwamba mwalimu mkuu apigiwe simu Juni, na mtu mmoja au wawili waende Julai kwa matatu kupima paa na kuonana na bodi. Safari ya pili iwe Februari, watu watano tu, bila fulana wala mbuzi, kuondoa majani yaliyoziba mifereji kabla ya mvua ya Machi. Bebeni ngazi. Ile mliyotumia Septemba ilikuwa ya kanisa, na huenda imekwisha kuazimwa kwingine.